Kishikwambi Kilichokuwa na Sauti Tu

Shughuli nzima ilinigharimu mbuzi jike mwenye mimba, ambaye mimi nilimhesabu kuwa mbuzi wawili na aliyempokea akamhesabu kuwa mmoja. Nauli za Kibondo hadi Kasulu na kurudi, nyingine za mtu mmoja na nyingine za watu wawili. Mabando ya intaneti ambayo nilikuwa nimeapa sitayanunua. Na heshima yangu kidogo mbele ya mafundi simu, ambayo hata hivyo haikuwa na bei kubwa sokoni. Nimejumlisha mara mbili. Kila nikimaliza naona kuna kitu kimebaki nje ya hesabu, na hicho ndicho kilichonikalisha kuandika haya.

Mke wangu hasikii. Hakuzaliwa hivyo. Aliugua homa ya uti wa mgongo, akalazwa, akarudi nyumbani akiwa hai, tukamshukuru Mungu na majirani wakaja na kuku. Siku za kwanza nilidhani amenuna. Namwita, hageuki. Mimi nauza maharage; nimezoea watu wanaojifanya hawakusikia bei. Nikajisemea, hata huyu sasa ameanza biashara. Mpaka sufuria ilipoanguka nyuma yake kwenye sakafu ya saruji, mimi nikaruka, na yeye akaendelea kukunja nguo.

Muuguzi wa kituo chetu cha afya ni mama mmoja aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, mwenye ushungi safi na maneno machache. Alimpima, akampima tena, kisha akaniita pembeni.

"Mzee wangu, haya masikio hayatarudi. Usije ukauza maharage yako ukawapelekea waganga. Kinachotakiwa sasa ni uvumilivu."

"Unauzwa wapi?"

Hakucheka. Nami sikuwa nimetania sana.

Kuongea, mke wangu anaongea. Tatizo ni kwamba hajisikii, kwa hiyo hawezi kujipimia sauti. Sokoni alinong'ona, kanisani alipaza, na kila alipopaza watu waligeuka. Mtu akigeukiwa mara nyingi hupunguza maneno. Yeye alipunguza mpaka yakabaki yale ya lazima tu: kula, funga mlango, mvua hiyo inakuja. Mimi nikawa namwandikia ujumbe kwenye simu yake ndogo ya vitufe. Tulikaa meza moja tukitumiana ujumbe kama watu walioko mikoa tofauti, na mimi, kwa mazoea ya kazi, niliandika kwa kubana. "Gunia tano zimeuzwa." "Mgeni kesho." "Chumvi imeisha."

"Unaniandikia kama risiti," aliniambia siku moja.

Nilifikiri kumjibu kwa kirefu. Nikaandika: "Sawa."

Kisha ikaja sherehe ya kipaimara kwa jirani. Turubai, viti vya kukodi, spika, mshereheshaji aliyevaa miwani ya jua ndani ya kivuli. Wakati wa keki, yule mshereheshaji akasema kisu ni kikubwa kuliko keki yenyewe. Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka. Mke wangu aliangalia vinywa vya watu, akaona ni kicheko, akacheka na yeye. Lakini alikuwa amechelewa. Wenzake walikuwa wamenyamaza, na kicheko chake kikabaki peke yake pale chini ya turubai. Vichwa vikageuka. Akaniinamia, akaniuliza kwa sauti ambayo yeye aliiona ni ya siri na meza nne zikaisikia:

"Wanacheka nini?"

Nikampigapiga gotini. Nikatengeneza midomo vizuri aisome: nitakuambia baadaye.

Si mimi peke yangu niliyekuwa nikisema hivyo. Dada zake walisema, majirani walisema, katekista alisema. Kila mtu alikuwa na baadaye yake. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Jambo lenyewe huwa dogo, na kulieleza huwa kazi kubwa kuliko lilivyo.

Wiki ileile tulikuwa shambani tukipalilia maharage. Alisimama, akaegemea jembe, akasema bila kuniangalia:

"Tukishavuna haya, mimi nakwenda kwetu Mabamba."

Kwao Mabamba ni kule mpakani, ukisimama nyuma ya nyumba yao unaona milima ya Burundi. Nikamwonyesha kwa vidole: siku ngapi? Akatikisa kichwa. Hakuwa anazungumzia matembezi.

"Kule mama yangu naye hasikii vizuri siku hizi," akasema. "Tutakaa kimya wawili. Hapa nakaa kimya peke yangu."

Akarudi kupalilia. Nikayaangalia maharage. Yalikuwa hayajaanza hata kutoa maua, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikaombea mazao yachelewe.

Nilikwenda kwa muuguzi, safari hii bila utani. Akaniambia kuna lugha ya alama, lugha kamili, si ya kubahatisha vidole kama mimi nilivyokuwa nikifanya. Akasema huko Nyarugusu, kwenye kambi ya wakimbizi, kuna mama mmoja Mkongomani, fundi cherehani, kiziwi tangu utotoni, anayewafundisha watoto viziwi. Ana mdogo wake wa kike anayesikia, ndiye anayemtafsiria. "Nenda na kitu cha kurekodia," akasema, "maana mkeo hawezi kwenda huko kila siku."

Ndiyo nikanunua kishikwambi. Cha mtumba, kutoka duka moja Kasulu, kioo kipana, betri inayojitahidi. Simu yangu ina ufa unaopita katikati ya kioo, na nilitaka mikono ionekane mizima. Nikatafuta kibali cha kuingia kambini, ambacho huendi ofisini na kutoka nacho siku hiyohiyo, na kilipopatikana nikapanda mchomoko, yale magari madogo ya abiria, nikaenda.

Nimepatana bei na watu wa kila namna, lakini sikuwahi kupatana na mtu asiyenisikia nikilalamika. Silaha zangu zote ziko kwenye sauti: kuguna, kukohoa, kusema watoto watalala njaa. Yule fundi alitaka mbuzi, akaweka kitambaa chini, akanikazia macho, akasubiri. Nikasema mbuzi mmoja ni mwingi kwa masomo arobaini. Nikasema mbuzi siku hizi hawapatikani. Mdogo wake alitafsiri yote kwa mikono, kwa uaminifu, mpaka miguno. Yule mama akajibu kwa ishara fupi.

"Papa," akasema mdogo wake, "anasema macho yako ilishaitika. Mudomo tu ndio inakataa."

Nikakubali mbuzi. Nikasema ila atakuja baadaye, masomo yakishaeleweka. Hapo naye akakubali upesi, nikapata wasiwasi kuwa nimepunjwa.

Tulianza kuchagua maneno. Nilikuwa nimeyaandaa njiani: chakula, maji, nguo, shamba, gunia, bei, pesa, deni, lipa. Fundi akayasoma kwenye mikono ya mdogo wake, akaniuliza kitu.

"Anauliza, na maneno ya kuzungumza na bibi yako, papa?"

"Si ndiyo hayo?"

Wakatazamana. Halafu fundi akaongeza ya kwake bila kuniuliza: mimi, wewe, jana, kesho, kumbuka, ogopa, cheka, choka, nini, kwa nini, na mengine mpaka yakatimia arobaini. Nilitaka kuuliza kama haya ya nyongeza yana bei yake, nikajizuia.

Tukarekodi barazani kwake, penye mwanga, kwa simu ya yule mdogo mtu. Ilikuwa simu mpya kabisa, aliyotumiwa na kaka yao aliyehamishiwa nje ya nchi. Fundi alifanya alama, mdogo wake akataja neno kwa sauti ili na mimi nijue. Somo moja halifiki dakika. Jua likasogea, nasi tukasogeza kigoda kulifuata.

Kufika kwenye kuzihamisha, mdogo mtu akasema, "Papa, nikutumie kwa message?"

"Hapana, hapana. Nirushie."

Kila mtu mwenye akili za mjini anajua hilo. Ukituma video kwa programu ya ujumbe inakula bando, tena inaibana, inafika imekonda. Ukirusha moja kwa moja, simu kwa simu, haili senti na inafika na kilo zake zote. Nimeuza maharage miaka mingi. Siwezi kuruhusu mzigo wangu upitie kwenye mizani ya mtu mwingine.

Zikaruka, moja baada ya moja. Nikahesabu: arobaini. Nikahesabu tena: arobaini. Nikafungua ya kwanza nihakikishe. Tulikuwa juani, kioo kilikuwa cheusi kinameremeta kama vioo vyote juani, lakini sauti ilitoka safi: "Bon, mama, tunaanza. Hii ni 'mimi'." Nikaridhika. Nikakizima nikakifunga kwenye kitambaa.

Nyumbani mke wangu alikuwa amenawa mikono. Nilikuwa nimemwandikia asubuhi kwamba nakwenda kuleta mwalimu, na alikuwa amekaa kwenye kigoda kama mtu anayesubiri kupakwa majivu ya Kwaresima, ameweka mikono yake safi mapajani. Nikamwekea kishikwambi mbele, nikabonyeza.

"Bon, mama, tunaanza," kikasema.

Kioo kilikuwa cheusi. Hapakuwa na jua la kusingizia. Nikabonyeza ya pili, sauti, weusi. Ya kumi. Ya thelathini. Yule dada alikuwa akitaja maneno yote kwa uchangamfu, ndani ya giza, na mke wangu alikuwa amekiinamia kile kioo akingoja.

"Ndiyo hiki?" akauliza taratibu. "Mbona najiona mwenyewe tu?"

Nikakifunika.

Fundi simu wa kwanza yupo Kibondo, karibu na stendi. Kijana mwenye redio mezani na bisibisi sikioni. Nikamwambia video hazichezi. Akafungua moja, akaongeza sauti mpaka mwisho, akakisogeza kishikwambi kwenye sikio lisilo na bisibisi.

"Mzee, hii inaongea. Umepona."

"Inaongea, ndiyo. Picha hamna."

"Unaangalia mpira?"

"Ni masomo ya mke wangu. Hasikii."

Akanitazama kwa huruma ya kweli, akafikiri sana, akasema:

"Basi tukuunganishie spika kubwa?"

Sikumjibu vibaya. Nilitoka pale nikatembea hadi mwisho wa stendi na kurudi. Nilikuja kugundua kwamba mafundi wote hutengeneza kwa masikio. Anaweka nyimbo, inapiga, anadai pesa. Video kwake ni wimbo wenye kioo. Na mimi niliyewacheka nilikuwa nimefanya vilevile barazani kwa watu, na kuhesabu juu yake.

Wa pili yupo Kasulu, ana duka lenye vioo na kiyoyozi kisichowashwa. Huyu alijaribu zaidi. Akasema pleya iliyomo ndani ya kishikwambi ni ya zamani, akaniwekea nyingine. Akabonyeza, na kweli, yule fundi cherehani akatokea kiooni, kigoda chake, ukuta wake wa tope, mikono yake. Nikainama nitazame karibu.

Lakini picha ilikuwa inakwama. Mkono ulionekana kidevuni, ukaganda. Halafu ghafla upo tumboni. Njia uliyopita haikuwepo.

"Inarukaruka," nikasema.

"Sauti si inatiririka?"

"Inatiririka."

"Basi mzee wangu, tulia. Sauti ndiyo mali. Picha ni mapambo tu."

Nilipunguziwa bei kwa sababu ya mapambo, nikaondoka.

Mke wangu hakuona kasoro. Angeionaje? Hakuwahi kumwona mtu akiongea lugha ile. Alichokiona kiooni ndicho alichokishika. Kila alipotoka shambani alinawa, akakaa, akajifunza. Nami nikakaa pembeni yake nikajifunza, kwa uzito, maana vidole vyangu vimezoea kuhesabu noti tu. Maharage yakatoa maua. Yeye akafika somo la ishirini mimi nikiwa la nane. Siku moja akaniambia kwa mikono: mimi, choka, kesho, shamba. Nikaelewa yote. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya nyumba kidogo.

Maharage yalipoanza kufunga maganda nikasema sasa nimlipe mwalimu. Nikanunua mbuzi kule Kasanda, jike lenye mimba, nikatafuta kibali cha watu wawili, tukaenda naye mke wangu. Alivaa kitenge kipya. Njia nzima vidole vyake vilikuwa vikicheza mapajani, anakariri salamu.

Tukamkuta fundi barazani kwenye cherehani yake, na wanawake wanne waliokuja kupimwa nguo. Mke wangu akasimama mbele yake, akavuta pumzi, akaanza. Alifanya kama alivyofundishwa. Mkono ukaenda kidevuni, ukaganda. Akasubiri, mwili mzima umesimama, hata macho. Halafu kwa mruko mmoja mkono ukawa tumboni. Ukaganda. Mruko. Ukaganda. Alikuwa ameiga kila kitu, pamoja na ugonjwa wa kishikwambi.

Fundi alikunja uso. Mdogo wake akajaribu kujizuia, akashindwa.

"Yesu! Mama anaongea sawa vile mashini yenye imeisha chaji!"

Wanawake wale wanne wakaangua kicheko. Hata mbuzi aliitikia. Na mimi, Mungu anisamehe, mdomo wangu ulianza kucheka kabla sijauwahi.

Mke wangu akashusha mikono. Akaangalia vinywa, kimoja baada ya kingine, kama siku ile chini ya turubai. Safari hii hakucheka kuwafuata. Akageuka kwangu.

"Wanacheka nini?"

Nililiona neno lenyewe likinijia mdomoni, lile neno la watu wote. Sikuwahi kulisema, kwa sababu yule fundi aliinuka. Hakusikia swali, lakini aliuona uso, na uso ule nadhani aliujua kuliko sote. Akamshika mke wangu bega, akamgeuza amtazame. Akachora pembe nne hewani kwa vidole vyake, akaonyesha kishikwambi nilichoshika: kile. Akauweka uso wake ndani ya zile pembe. Akainua mkono, akaganda, mdomo wazi, jicho moja limefumba nusu. Akaruka. Akaganda tena, vibaya zaidi. Kisha akatoka kwenye zile pembe, akafanya alama ileile polepole, mkono ukatoka kidevuni ukateremka bila kukatika, kama maji. Akamwonyesha mke wangu: wewe, hivi. Mimi, hivi. Wao, cheka. Kishikwambi, kibovu.

Haikuchukua muda mrefu kuliko kunywa kikombe cha chai. Mke wangu alisimama akiyapanga. Halafu akacheka. Kicheko chake kilikuwa kikubwa, hakikupimwa, kilitisha kuku, na hakuna aliyegeuza kichwa.

Wakakaa chini wawili wale. Fundi alimshika mikono akaipitisha njia zake, neno moja moja, mpaka muda wa kibali ukaisha. Mimi nilikuwa nje nampatia mdogo mtu yule mbuzi.

"Ni wawili hawa," nikamwambia. "Mwingine yuko ndani."

"Papa, mimi minaona mumoja," akasema. "Ule mungine akikuja, tutakuitia umuhesabu."

Tukarudi hadi tukashuka Kibondo. Pale stendi, watu wakipita, mke wangu akaniambia:

"Yule hakusema baadaye."

Siku zilizofuata hakukigusa kishikwambi kwa ajili ya masomo. Alisema yatamharibia mikono tena. Lakini hakukiweka mbali. Alikaa nacho akafungua kila video iliyokuwamo, zangu zote za hovyo nilizowahi kuhamishia kutoka kwenye simu yangu: ubatizo wa mtoto wa mdogo wake, ngoma za harusi, tangazo la mbegu, mtu ameangusha pikipiki mtoni. Nilidhani anaua muda. Maharage yalikuwa yameshaanza kukauka majani, nami nilikuwa nakwepa kuyatazama.

Akaniita, akanikalisha. Akafungua ubatizo. Picha laini, padri anamwaga maji, kila tone unaliona. Akafungua ya mbegu. Laini. Akafungua somo la kwanza. Linaruka.

"Hii ya ubatizo ilikujaje?"

Nikamwandikia: mdogo wako alinitumia kwa ujumbe.

"Na ya mbegu?"

Kwa ujumbe.

"Na za mwalimu?"

Alinirushia.

"Zilizopita kwenye ujumbe zote zina picha," akasema. "Nimeziangalia zote. Za mwalimu peke yake ndizo hazikupita huko."

Nikaanza kumweleza. Niliandika kirefu kuliko nilivyowahi kumwandikia: kwamba ujumbe unabana video, unaipunguza, unaiharibu, kila mtu anajua. Akasoma hadi mwisho.

"Basi ziharibu," akasema.

Nilikuwa na hoja nyingine tatu. Nilizitazama, zote zilikuwa za bei ya bando. Nikampigia yule mdogo mtu kule kambini, nikamwomba anitumie moja tu, kwa message.

"Papa, si nilikuambiaka?"

"Uliniambia."

"Bon."

Ikafika kwenye simu yangu, imekonda kweli, haina hata robo ya uzito wake. Nikaihamishia kwenye kishikwambi. Mke wangu ndiye aliyebonyeza. Fundi cherehani akatokea, na mkono wake ukainuka kutoka kidevuni ukateremka mpaka tumboni, na tuliuona popote ulipopita.

Baadaye fundi wa Kasulu alinieleza, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akijua siku zote, kwamba zile simu mpya hukunja picha kwa namna mpya ili zisijaze nafasi, na kishikwambi cha zamani hakijui kuzikunjua. Sauti hukunjwa kwa namna ya zamani, ndiyo maana ilipona. Programu ya ujumbe, katika kuibana video, huikunja upya kwa namna ambayo kila chombo kinaijua. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mara ya kwanza. Akasema sikumwambia kwamba nahitaji picha. Nikakumbuka nilivyomwambia, nikaacha.

Zilikuja zote arobaini. Nilinunua bando, likaisha, nikanunua jingine, na sikubishana na mtu. Mke wangu alianza upya kutoka la kwanza, kwa mikono isiyoganda. Mimi nilimfuata kwa mbali. Jioni tulikaa mlangoni tukiambiana: mvua, hapana. Jirani, pesa, ogopa. Jana, wewe, choka, kwa nini? Hayakuwa mengi. Lakini hayakuwa risiti.

Tukavuna. Tukayapiga maharage uani, tukapepeta, tukapima. Nilihesabu magunia mara mbili kama kawaida yangu, na mara ya tatu kwa sababu nilijua yakishaisha kuhesabiwa kuna jambo linafuata. Mnunuzi akaja na lori, akapakia, akaondoka. Uani pakabaki makapi na ufagio.

Nilipoingia ndani niliuona mkoba wake, umefungwa zipu, uko karibu na mlango. Yeye alikuwa amekaa mezani. Kishikwambi kilikuwa kimezimwa, kimelazwa kifudifudi. Akanionyesha kiti. Nikakaa.

Akaanza kwa mikono, polepole, kwa ajili yangu. Jana, akasema, kisha akaurudisha mkono nyuma zaidi, na zaidi, jana za zamani. Wewe. Mimi. Akachora turubai hewani, kwa sababu neno sherehe hatukulinunua. Watu. Cheka. Mimi, nini? Akanigonga gotini mara mbili, vilevile nilivyomgonga siku ile, na akatengeneza midomo yangu kwenye midomo yake: baadaye.

Nilikumbuka kisu. Nilikumbuka keki. Yalikuwa maneno machache ya mtu aliyevaa miwani ya jua, na sikuwa na alama hata moja ya kuyasemea.

Akanyoosha kiganja mbele yangu, wazi, akafanya yale maneno mawili niliyoyataka mimi mwenyewe barazani kwa fundi: deni. Lipa. Halafu, kwa kuwa hakutaka nipate pa kukwepea, akalisema kwa sauti, wala hakuipima.

"Ya Mabamba tutaongea baadaye, na hiyo baadaye ni yangu. Kwanza unilipe ya kwako. Siku ile kwenye kipaimara, walicheka nini?"